Usiniambie Inazunguka

Katika biashara ya gramafoni kuukuu hakuna neno linalouza haraka kama "inazunguka". Muuzaji anachomeka waya ukutani, anasukuma kiswichi, sahani inaanza kwenda, mnunuzi anatabasamu na pesa inatoka mfukoni. Tumezoea kununua hivyo. Feni ikizunguka ni nzima. Cherehani ikizunguka ni nzima. Gramafoni haiendi kwa hesabu hiyo. Inaweza kuzunguka taratibu, bila kelele, mfuniko wake unang'aa, na huku inaua kila santuri unayoiweka juu yake.

Nayasema haya kwa sababu mwezi uliopita niliuza gramafoni ya marehemu baba, na kwa sababu miaka kumi na miwili iliyopita niliuziwa moja hapa Dar es Salaam kwa neno hilohilo.

Ile niliyouziwa ilikuwa ya kupendeza. Mbao zake zilipakwa vanishi upya, mfuniko haukuwa na ufa. Muuzaji akaizungusha nikaona, akaweka santuri yake mwenyewe, ikaimba kwa spika ndogo pembeni ya barabara, magari yakipita na makondakta wakiita abiria. Nilisikia muziki, nikaridhika. Usiku ule niliweka santuri ndogo ya Jamhuri Jazz Band niliyopewa na shangazi, nikairudia mara sita au saba kwa furaha. Siku ya tatu nikaona unga mweusi umejikusanya kwenye ncha ya sindano. Nikadhani ni vumbi, nikaupuliza, nikaendelea.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja wa redio, mzee wa Gerezani. Aliichomoa sindano, akaitazama kwa lenzi ya mafundi saa, akanyamaza kidogo, kisha akanikabidhi lenzi. "Tazama mwenyewe, mwanangu." Ncha ilikuwa imemeguka upande mmoja, imebaki kama patasi. Ule unga mweusi haukuwa vumbi. Ilikuwa santuri yenyewe, imechongwa mzunguko kwa mzunguko. Leo hata ukiipiga kwenye mashine bora kuliko zote, sauti ya mwimbaji inakuja na mkwaruzo, na kila anapopandisha koo mkwaruzo unapanda naye. Hakuna fundi wa kurudisha kilichotoka pale.

Santuri ndogo ya mwendo wa 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika, yenye wimbo wa dakika tatu, ina mfereji mmoja tu, unaojizungusha kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Ungeweza kuunyoosha ungepata zaidi ya mita 50. Ile kubwa ya mwendo wa 33, upande mmoja wa dakika ishirini unapita mita 400. Upana wa mfereji huo unakaribia unywele wa kichwani. Sauti imechongwa kwenye kuta zake mbili, na sindano hupita katikati ikitikiswa huku na huku. Ncha ya almasi iliyo nzima, ikibebeshwa uzito wake wa haki, hutelezea humo kwa saa mia kadhaa kabla ya kuchoka. Ncha ya yakuti samawi, ambayo gramafoni nyingi za bei nafuu zilikuja nayo, huchoka mapema zaidi. Na sindano iliyochoka haigomi. Ingekuwa inagoma, tungepona. Inaendelea kuimba huku inachonga, na mwenye nyumba anasema, "Hizi santuri za zamani ndivyo zilivyo, zinakwaruza."

Mtu ataniambia: si ununue santuri nyingine? Nikanunue wapi?

Jamhuri Jazz ilikuwa bendi ya Tanga, na Atomic Jazz nayo ya Tanga. Tanzania ya miaka ile haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania, kwenye mikanda ya kupigwa hewani, lakini aliyetaka wimbo wake uingie dukani ilimbidi avuke mpaka. Studio za santuri na mitambo ya kuzitengeneza vilikuwa Nairobi. Taarabu ya Tanga, ile ya vikundi vya Black Star na Lucky Star iliyobeba sauti ya mwimbaji Shakila, ilitolewa Mombasa kwa nembo ya Mzuri. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka 1983. Wakati huo kaseti ilikuwa imeshakamata soko. Mbaraka Mwinshehe, ambaye santuri zake zilipigwa kila pembe ya Afrika Mashariki, alifia Mombasa kwa ajali ya gari Januari 1979, mbali na kwao Morogoro.

Kwa hiyo santuri za wakati ule zilitengenezwa kwa mkupuo, zikauzwa, basi. Nyimbo nyingi hazikurudiwa kamwe. Nakala iliyobaki iko kabatini kwa mtu fulani Ngamiani, Majengo au Pumwani, ndani ya mfuko wa karatasi ulioliwa na mende, na siku mjukuu atakapotaka kuisikia, ataisikiliza kwa gramafoni aliyonunua kwa mtu kama mimi au wewe. Ndiyo maana naona kumuuzia mtu gramafoni mbovu ni jambo zito kuliko kumuuzia friji bovu. Friji bovu litaozesha nyama ya kilo mbili, na kesho bucha litafunguliwa.

Wazee waliotutangulia waliijua sindano kuliko sisi. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri zake zilikuwa zile nzito za mwendo wa 78, za utomvu mgumu wa wadudu wa India, zinazovunjika kama kigae. Kinanda cha santuri cha enzi hizo, kama kilivyoitwa pwani, kilitumia sindano za chuma zilizouzwa kwenye vikopo vidogo vya bati. Mpigaji alibadilisha sindano kila upande mmoja wa santuri ulipokwisha. Upande mmoja, sindano moja. Hakuna aliyedhani sindano ni kiungo cha kudumu. Imani hiyo tuliipata sisi, tulipoletewa mashine ambazo sindano yake hudumu muda mrefu kiasi cha kusahaulika.

Gramafoni ya baba ni Garrard SP25, toleo la tatu. Garrard ilikuwa kampuni ya Kiingereza. Ilianza mwaka 1915 kwa kutengeneza vipima-umbali vya mizinga ya jeshi, na baada ya vita ikahamishia usahihi ule kwenye mota za gramafoni, katika mji wa Swindon. Mwaka 1979 iliuzwa kwa kampuni ya Brazil, na kazi ya Swindon ikafikia mwisho muda si mrefu. SP25 haikuwa mashine ya matajiri. Ile ya kifahari ilikuwa 301 na baadaye 401, ambazo wapenzi wa muziki Ulaya na Japani wanazigombania hadi leo. SP25 ilikuwa ya karani, ya mwalimu, ya muuguzi.

Baba alikuwa karani wa reli. Aliinunua Nairobi mwaka 1972, akaibeba mwenyewe kwenye treni kupitia Voi, Taveta na Kahe hadi Tanga, akiwa ameipakata. Mama alikuwa akisimulia kwamba baba alimletea mke wake kitenge kimoja na gramafoni akaifunga kwa vitenge viwili.

Tulipokubaliana ndugu wote kuiuza, nilikwenda Tanga kuichukua. Nilipofungua mfuniko kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa sarafu ya senti 50, imebandikwa kwa gundi ya karatasi juu ya kichwa cha mkono. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka dawa hiyo. Santuri ikirukaruka, weka sarafu, itatulia. Na kweli hutulia, kwa sababu sindano imekandamizwa mfereji kwa nguvu isiyo yake. Kichwa cha kauri kama cha ile mashine kinataka uzito wa gramu 3 hadi 5. Vichwa vya sumaku hutosheka na karibu gramu 2. Sarafu inaongeza mzigo juu ya mzigo. Nilikaa kwenye kiti cha baba nikaitazama muda mrefu. Santuri zetu za nyumbani, zile ambazo siku zote tulisema zimezeeka, tulizizeesha sisi wenyewe kwa senti 50.

Nilipoibandua sarafu, ukweli ukajitokeza: mkono ulikuwa mzito kwenye egemeo lake, umeshikwa na grisi iliyoganda na kutu ya hewa ya bahari. Ugonjwa ulikuwa huko.

Fundi wa Ngamiani aliyeifungua alinionyesha la pili. Mashine hii haina mkanda. Kati ya mota na sahani kuna gurudumu dogo la mpira, linalogusa mota upande mmoja na ukingo wa sahani upande wa pili, na ndilo linalosukuma. Ukiizima kwa kawaida, gurudumu hujiondoa lenyewe, likabaki huru. Umeme ukikatika katikati ya wimbo halijiondoi. Linabaki limebanwa palepale, na kama watu wameamua kulala, limebanwa usiku kucha. Kama wamesafiri, mwezi mzima. Mpira unashika kibonyeo. Kuanzia hapo utasikia dugu, dugu, dugu chini ya muziki, kama mtu anatwanga nyumba ya jirani. Gurudumu la baba lilikuwa na kibonyeo kimoja kidogo. Fundi alilisugua kwa msasa laini, akalifuta kwa spiriti, akatia tone la mafuta ya cherehani kwenye mota na kuhakikisha hakuna hata chembe iliyogusa mpira. Grisi ya zamani, ambayo ilikuwa imegeuka gundi, aliikwangua yote. Dugu ikapungua. Haikuisha.

Sindano mpya aliituma mdogo wangu anayeishi Uingereza. Kichwa cha mashine hii ni cha kugeuza: upande mmoja sindano ya santuri za 33 na 45, upande wa pili sindano nene ya zile za 78. Kuna vijana wanaopata santuri za bibi zao za mwendo wa 78 wakazipiga kwa sindano nyembamba. Inakwenda chini kabisa ya mfereji mpana, inakokota uchafu wa miaka themanini, na sauti inatoka nyembamba yenye michanga. Muuzaji wa gramafoni yenye kichwa cha aina hii amweleze mnunuzi jambo hilo kabla hata ya kutaja bei.

Nilipoitangaza, wapigaji simu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Mmoja anapamba mapokezi ya hoteli. Alitaka iwekwe mezani karibu na mlango, haina haja ya kucheza, na bei yake ilizidi yangu. Nilimkatalia. Sina ugomvi na mapambo, lakini gramafoni zilizokufa ziko nyingi. Amtafute mtu mwenye iliyokufa. Wa pili alitaka mota, mkono na gurudumu tu. Huyo sikumlaumu, maana spea za Garrard zinaokoa Garrard nyingine, na mashine iliyopasuka bamba lake haina njia bora ya kumaliza maisha. Hii ilikuwa bado inapumua.

Mwingine alikuwa kijana aliyetaka ushauri zaidi kuliko mashine. Ameletewa gramafoni na kaka yake kutoka Marekani, ameinunulia transfoma ya kushusha umeme, haijaungua, lakini kila mwimbaji anaimba kama anasinzia. Hapa wengi wanapigwa. Transfoma inashusha volti. Haibadilishi mapigo ya umeme. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60, na mota nyingi za zamani hufuata mapigo hayo. Mashine ya Marekani ikifika hapa, badala ya kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, inazunguka mara 27 na ushei. Jamaa zetu wa Oman hawana shida hiyo, umeme wa Muscat ni wa 50 kama wetu. Wa Saudi Arabia ni wa 60. Zilizosalimika ni mashine kama Technics SL-1200, iliyotoka Japani mwaka 1972 na kutawala madisko, kwa kuwa mwendo wake hautegemei mapigo ya umeme wa ukutani. Unayeuza gramafoni iliyotoka ng'ambo, geuza nyuma, soma kibandiko, sema kilichoandikwa.

Aliyenunua ni mwalimu wa sekondari, binti wa Dodoma. Alikuja na mfuko wa santuri za bibi yake, nyingi zikiwa taarabu. Baada ya shikamoo na marahaba alitoa moja ya Black Star, akataka tuijaribie mashine. Nikamwambia, "Hapana, mwanangu, hiyo irudishe mfukoni kwanza." Nilimpa lenzi aitazame sindano mpya, na boksi lake lenye tarehe. Nikaweka mezani pimamaji ya waashi, tukasawazisha meza kwa vipande vya kadibodi, maana gramafoni iliyoinama husukuma sindano upande mmoja wa mfereji. Kisha tukaweka santuri yangu isiyo na thamani kubwa, tukabandika kipande cha karatasi pembeni, na yeye akahesabu mizunguko kwa saa ya simu.

Hesabu hiyo ni rahisi na kila mnunuzi aijue. Mwendo wa 33 na theluthi unafanya mizunguko 100 kamili ndani ya dakika tatu. Yeye alipata 99 na kidogo. Nikamwambia ndivyo ilivyo, gurudumu limezeeka, na sikio la kawaida halitaona tofauti, lakini asije akasema sikumwambia. Tukapandisha sauti bila wimbo, sindano ikiwa kwenye sehemu tupu ya mwisho wa santuri, asikie ile dugu. Akaisikia. Akauliza kama itaongezeka. Nikasema itaongezeka asipoizima mashine kwa mkono umeme unapokatika.

Nilikuwa nimeandika karatasi: kibonyeo kwenye gurudumu, bawaba moja ya mfuniko imefungwa kwa waya, sindano imewekwa mwezi gani, sarafu ilikuwepo na kwa nini iliondolewa. Alisoma yote, akapunguza bei, nami nikakubali. Nilianza na 350,000, tukamalizia 280,000.

Hapo ndipo tulipoweka Black Star. Sitaeleza alivyokuwa, ni mambo yake na bibi yake.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuifunga, na nawasihi wauzaji msiiharakishe, kwa sababu gramafoni nyingi zilizotoka nzima kwa muuzaji hufika zimevunjika kwenye buti la basi. Sahani ya chuma itolewe, ifungwe peke yake na ilazwe chini. Ikiachwa juu ya mhimili wake inarukaruka kila tuta mpaka mhimili unapinda. Kichwa chenye sindano kichomolewe, kiwekwe kwenye kikopo chake, na kisafiri mkononi mwa mtu. Mkono ufungwe kwenye kishikio chake kwa utepe wa kitambaa, si kwa gundi ya karatasi inayobandua rangi. Mashine za aina hii hukaa juu ya springi, kwa hiyo skrubu za safari zikazwe. Mfuniko nao usafiri kando. Halafu boksi ndani ya boksi, na karatasi zilizokunjwakunjwa kati yake, zijae kiasi kwamba ukitikisa husikii kitu. Alilipia kiti cha pili ndani ya basi na boksi likakaa pembeni yake hadi Dodoma.

Asiye na nafasi ya kumwonyesha mnunuzi hayo yote nyumbani kwake, amwelekeze mahali anapoweza kusikia kabla ya kulipa. Nairobi kuna Soko la Kenyatta, ambako kati ya nyama choma na wasusi kuna meza ya santuri na gramafoni, na unasikiliza palepale. Kwetu mafundi wazee wa redio bado wapo, Kariakoo, Ngamiani, Darajani, na wengi wao watakuangalizia sindano kwa bei ya chai. Wafuateni wangali hai.

Ile sindano ya zamani ya baba haikwenda Dodoma. Niliikata kwa koleo kabla mwalimu hajafika, nikaitupa.